Kahawa na salamu
Bwera, Jumanne jioni

Nimewaudhi majirani wote, najua. Tangu mume wangu Kambale aanguke na pikipiki akaumia kichwa, akili yake haitulii. Muuguzi alisema achambue kahawa kila siku bila kukatizwa, ili akili izoee kutulia, basi nikawaomba watu wasimsalimie. Hapa kwetu hiyo ni kama kumhesabu na wafu.

Leo Mama Biira alipita kimya, ameinamisha kichwa. Kambale mwenyewe akainua macho.

"Mama Biira, batoto beko muzuri? Mbona unanipita?"

Wakaongea. Nikangoja asahau kazi, kama kawaida.

Mkono wake ukarudi kwenye kahawa, ukaendelea kutoa punje mbovu.

Mimi ndiye niliyesahau. Sombe, mboga ya majani ya muhogo niliyoiacha motoni, iliungua. Tumeila hivyo hivyo. Kesho nitazunguka kuwaambia wote: mumusalimie.