Saa ya Mukalay na Sikio Lako

Yaya Zaina, dada yangu mkubwa,

Mvua za kwanza tangu tukuzike zimefika mtaani kwetu Kamalondo, na bado mlango wa uani ukilia nageuka nikidhani ni wewe. Sikuandikii ili nilie. Nakuandikia kwa sababu nyumbani wanasema meza yetu ya kutengeneza saa ifungwe na vyombo vyake viuzwe, mimi nitafute kazi inayomfaa mwanamke. Nitawajibu. Lakini kwanza nataka tuikumbuke pamoja ile habari ya mchumba wako Mukalay, maana kila anayeisimulia anasema uliacha mume kwa ajili ya saa.

Unajua baba alivyotukalisha mezani, mabinti wawili, pale karibu na soko. Watu walipita wakicheka: huyu mzee wa Maniema hana mtoto wa kiume? Yeye alituwekea saa sikioni tu. Alisema uzito unadanganya, kwa kuwa madini ya risasi nayo ni mazito, na kwamba dhahabu ya juu haisemi lolote kuhusu tumbo. "Musikilize kwanza, njo mufungue." Ile ya kweli ya Uswisi ilikuwa inapiga mbio kwa sauti ndogo, mshale wa sekunde ukiteleza kama mafuta kwenye kikaango. Ile ya bongo, ya uongo, iligonga kama nyundo ya fundi wa sufuria, au mshale wake uliruka na kusimama, ukaruka na kusimama, kama panzi. Mimi nilihitaji kioo cha kukuzia ili nione herufi zilizochorwa ovyo. Wewe ulifumba macho tu, ukajua.

Halafu baba akafariki, na Mukalay akaja kukuposa. Alikuwa mfanyabiashara, suti yake ya abacost imenyooka, na sauti yake ya kicheko ilimfanya mama asahau chungu motoni. Ulimpenda, yaya. Nasema hili kwa sababu wanaokusimulia hulisahau. Ulikuwa ukiimba ukisafisha vyuma.

Mahari yalikuwa yameshapokelewa siku ile ya Jumapili alipotupeleka hotelini Karavia, mimi nikiwa nimetumwa na mama niwasindikize. Tulikaa karibu na maji, tukaagiza limonadi. Akatoa kisanduku chekundu, akakufunga saa mkononi.

"Ya Uswisi, chérie. Ilishuka na ndege Luano juzi, rafiki yangu alitoka nayo Ulaya."

"Aksanti, Mukalay."

Ukauinua mkono kana kwamba unaweka sawa kitambaa cha kichwa, na saa ikapita sikioni. Nilikuona. Uso wako ulifungwa kama duka. Lakini ulitabasamu, ukamaliza limonadi yako, ukamuuliza habari za mama yake.

Njiani kurudi uliniambia polepole, "Haiko ya kweli, Mwajuma. Lakini pengine bamemudanganya na yeye." Wiki ile yote ulimtetea hivyo, ukimtafutia njia ya kutokea.

Alipopita mezani ukamwambia kwa upole, kama mtu anayemweleza mwenzake kuhusu ugonjwa.

"Mukalay, ile saa iko ya bongo. Bamekudanganya."

Akatazama huku na huku, akacheka kile kicheko chake. "Najua. Niko nazo sanduku nzima. Utaziweka hapa pa meza yenu. Bazee benye kupumzika kazi ya mugodi banatafuta saa muzuri ya kurudia nayo kwabo, na banakuamini. Ukisema iko ya kweli, nani atafungua nyuma?"

"Miye. Miye njo nafunguaka."

"Zaina, utakuwa bibi yangu. Meza yako iko meza yangu."

Ulivua saa, ukaiweka mbele yake taratibu. "Basi sitakuwa."

Nyumbani ilikuwa kama msiba. Tantine, shangazi yetu, alipiga makofi: binti gani anaacha bwana juu ya saa? Ulikaa chini miguuni pa mama. "Mama, haiko juu ya saa. Nilimuambia: bamekudanganya. Akacheka." Mama aliweka kikombe chake cha chai chini. Kisha akainuka, akawaita wazee wayarudishe mahari.

Mukalay alipata wengine wa kumuuzia. Nawe ukanunua moja ya saa zake, ukaifungua mgongo, ukaiweka mezani wazi kando ya saa ya baba. Kila aliyepita ulimwita asikilize. Yule mzee aliyestaafu kazi ya tanuru mgodini, aliyekuwa anarudi kwao Mitwaba kulima, alisikiliza hii, akasikiliza ile, akacheka mpaka akakohoa. "Hii iko napiga kelele kama bibi yangu!" Hakununua ya Mukalay. Baada ya hapo akaja mtu kutoka kwa wakubwa wa soko, akasema hatuna ruhusa ya kukaa pale. Tulibeba meza, mimi mbele wewe nyuma, tukaiweka chini ya baraza ya nyumbani. Wateja walitufuata huko huko. Hukuolewa tena. Niliwahi kukuuliza kama ulijuta. Ukasema ulimlilia sana, ila kujuta, hapana.

Sasa nikwambie jambo usilolijua. Juzi Mukalay alikuja barazani. Amezeeka, yaya, anatembea akishika ukuta. Alinipa pole ya msiba, akakaa, akavua saa yake. Aliinunua mwenyewe, anasema, kwa pesa ya kweli, na mwanawe anamcheka kwamba kauziwa bongo.

"Mwajuma, nimetembea mji muzima, kila mutu anasema yake. Uniambie weye. Utakachosema, nitashika."

Niliiweka sikioni. Niliifungua mgongo. Yale mawe mekundu madogo yanayoshika magurudumu yalikuwa yamekaa sawa kila moja kwenye shimo lake. Ilikuwa ya kweli, nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Naye alikuwa ananitazama kama mtoto. Neno moja tu la uongo kutoka kwangu, na angeitupa.

"Iko ya kweli," nilimwambia. "Uivae bila wasiwasi."

Akabaki amekaa. Akauliza kama uliwahi kusema kitu juu yake. Nikasema hapana, maana hukusema. Akanilipa kama mteja yeyote, akaenda.

Kwa hiyo wakija jioni kuzungumzia vyombo, jibu ninalo. Haviuzwi. Meza inabaki barazani, na anayetaka ukweli wa saa yake atanikuta hapo, awe rafiki au asiwe. Sikio langu halijafika la kwako, yaya, lakini nalinoa kila siku.

Lala kwa amani pembeni ya baba. Huku niachie mimi.

Mdogo wako,
Mwajuma