Jina Nililoliruka

Jumatatu, 24 Februari

Vyeti thelathini leo. Mkono unauma. Mwalimu Mkuu anasema kompyuta ingeviandika vyote kwa dakika kumi, lakini wazazi wanapenda mwandiko wangu. Basi kila mwaka naandika mimi. Na Siku ya Zawadi ikifika, ni mimi nasimama mbele kusoma majina. Miaka ishirini na tatu sasa.

Jua la Voi linawaka. Upepo unaingiza vumbi jekundu hadi ndani ya droo. Nimepangusa meza mara tatu.

Zawadi ya hisabati ya Kidato cha Tatu ni ya Wakesho, yule mtoto wa Sagalla. Sikushangaa. Hanyooshi mkono darasani, lakini ukimwita ubaoni anamaliza hesabu kabla hujakaa. Jina lake nimeliandika kwa uangalifu kuliko mengine. Mwalimu hapaswi kuwa na kipenzi. Ninaye.

Chakula cha jioni, wali wa jana. Sahani moja, kijiko kimoja. Nimeosha kabla maji hayajakatika.

Jumatano, 26 Februari

Kikao cha walimu. Mgeni wa heshima amepatikana. Daktari kutoka Mombasa, mzaliwa wa huku kwetu, aliyewahi kusoma hapa. Kila mtu kafurahi. Kisha Mwalimu Mkuu akalitaja jina. Saru.

Nilijifanya naokota kalamu.

Hakuna anayejua. Mwalimu Mkuu alihamia hapa miaka minne tu iliyopita. Walimu wa wakati ule wamestaafu au wamekufa. Nimebaki mimi. Mtu akaniuliza kama nilimfundisha. Nikasema ndiyo. Alikuwaje? Nikasema alikuwa mtulivu.

Jumamosi, 1 Machi

Niandike tu. Hakuna wa kuyasoma haya.

Saru alikuwa Kidato cha Tatu. Alikuwa na kifafa. Alinijia nyuma ya maabara, peke yake, akaniambia. Dawa zake alikuwa akizimezea chooni ili wenzake wasione. Akaniomba nisimwambie mtu. Nikaahidi.

Wiki iliyofuata nikaenda kumwambia mwalimu mkuu wa wakati ule. Nilijiambia ni kwa usalama wa mtoto. Siku moja kabla ya sherehe ya zawadi Saru akarudishwa nyumbani, eti apumzike. Ukweli ni kwamba wageni walikuwa wanakuja na shule haikutaka mtu aanguke mbele yao.

Zawadi ya hisabati ilikuwa yake. Nilipofika kwenye jina lake nikaliruka. Nikasoma la mwenzake aliyemfuata. Watu wakapiga makofi. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Hakurudi tena. Alimalizia masomo Wundanyi.

Dada yangu wa Wusi alikuwa aje leo. Hakuja. Mvua milimani, kasema. Hapa hata wingu hakuna. Nilikuwa nimepika kunde za watu wawili.

Jumanne, 4 Machi

Wakesho ameanguka kwenye foleni ya uji. Kikombe chake kikabiringika hadi miguuni pangu. Wasichana wakatawanyika. Wengine walipiga mayowe kwamba ana mapepo. Ni metroni wetu tu, Zubeda, aliyemkimbilia.

Mimi nilisimama. Nilijua la kufanya na sikulifanya. Miguu ilikataa.

Baadaye nikaenda chumba cha wagonjwa. Zubeda alikuwa amemlaza kwa ubavu, anampepea. Kumbe mtoto ana dawa. Ameacha kuzimeza tangu muhula uanze, anaogopa kuonekana.

"Masikini, mwalimu, mtoto huyu hana kosa," Zubeda akasema. "Kosa letu sisi watu wazima."

Hakujua anamwambia nani.

Wakesho akafumbua macho. Akauliza kama ameaibisha shule. Nikamwambia alale.

Najichukia leo.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu Mkuu ameniita ofisini. Si mtu mbaya. Alizungumza polepole, kama anayebembeleza. Wakesho aende nyumbani apumzike mpaka wiki ijayo. Jumamosi kutakuwa na jua, kelele, wageni. Ni kwa usalama wake. Maneno yale yale, kama yalikuwa kwenye kabati yananingoja. Zawadi ya hisabati apewe aliyemfuata, Mercy. Wakesho atapewa yake siku nyingine, ofisini, kimyakimya.

Nikasema, "Lakini alama ni zake."

"Najua ni zake. Sijasema si zake. Tusimwanike tu mtoto wa watu."

Nikaipokea karatasi. Nimetoka na orodha mpya. Jina lake halimo.

Mama yake alikuja kumchukua saa nane. Mwanamke mfupi, viatu vimejaa vumbi la njia. Hakuuliza swali hata moja. Alisema tu, "Asanteni, walimu." Hiyo asante naisikia mpaka sasa.

Alhamisi, 6 Machi

Mahema yamefika. Kwaya inarudia wimbo mmoja tangu asubuhi. Nimefundisha vipindi vitatu. Wenzake wa Wakesho wamelisukuma dawati lake hadi pembeni, hawataki hata kuligusa. Nimelirudisha mwenyewe. Hakuna aliyenisaidia, na sikuomba.

Chakula cha mchana ofisini, mlango umefungwa.

Saa kumi nikaanza kuisoma orodha kwa sauti, ninavyofanya kila mwaka nisije nikakosea matamshi. Nikafika kwenye hisabati. Nikasimama hapo. Sikuweza kuendelea.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeenda Sagalla. Sikumuaga mtu.

Bodaboda ilinishusha barabara ilipokuwa mbaya, nikapanda mlima kwa miguu. Matangi matupu kila nyumba. Ndovu walipita juzi, mahindi yamelala chini. Nilimkuta Wakesho uani anachambua pojo. Akaruka kusimama. "Shikamoo, madam." Ungo bado uko mkononi.

Mama yake akatoka. Akanipa kiti, yeye akabaki amesimama.

"Shule imekutuma, mwalimu?"

"Hapana, mama. Nimekuja mwenyewe. Kesho mtoto aje. Zawadi ni yake."

"Na akianguka?"

"Akianguka tutamshika."

"Watu watamcheka."

"Wengine watamcheka," nikasema. Sikutaka kumdanganya.

Aliliangalia shamba lake lililokanyagwa. Kisha akasema, "Mimi nimemficha miaka sita. Hata kanisani tunakaa nyuma, karibu na mlango, ili tutoke haraka. Nimechoka, mwalimu."

Wakesho ndiye aliyeuliza, sauti ndogo. "Madam, jina litasomwa kwa spika? Lote?"

"Lote."

Hawakuniahidi kitu. Nimerudi kabla jua halijazama. Magoti yanauma. Naogopa. Naogopa wasije, na naogopa waje.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Saru alifika saa tatu. Gauni la samawati, nywele fupi, skafu nyeupe shingoni. Aliwasalimia walimu mmoja mmoja kwa mkono. Alipofika kwangu akanishika mkono na hakuuachilia mara moja.

"Mwalimu Mghoi. Bado uko."

Sikujua kama ni salamu au hukumu. Nikasema bado niko.

Maombi. Kwaya. Hotuba ndefu. Nilikuwa naangalia lango. Hakuna. Nilianza kujiambia afadhali hawakuja, sitalazimika kufanya lolote. Ndipo nikawaona. Nyuma kabisa, karibu na ua, mama na mtoto, sare imepigwa pasi vizuri.

Nikaanza kusoma. Kidato cha Kwanza. Cha Pili. Kila msichana anapanda jukwaani, Saru anampa kifurushi na kumshika mkono, wazazi wanapiga vigelegele. Kisha, hisabati, Kidato cha Tatu. Karatasi inasema Mercy.

Nikasema Wakesho. Nikalisema jina lake lote, na la baba yake, taratibu.

Mwalimu Mkuu akanigeukia. Minong'ono ikaanza. Mercy alikuwa ameshainuka nusu, tabasamu usoni. Akakaa tena. Nilimwonea huruma sana. Naye hakuwa na kosa, na hakuna aliyemwandaa. Hilo pia ni langu.

Wakesho akaja kutoka kule nyuma. Njia ilikuwa ndefu. Hakuna aliyepiga makofi mpaka alipofika katikati, na aliyeanza ni Zubeda. Saru akampa zawadi yake, akamwambia kitu ambacho sikukisikia. Mtoto akacheka. Sijawahi kumwona akicheka.

Alianguka akirudi, kwenye safu ya pili ya viti.

Mayowe. Viti vikapinduka. Saru alikuwa ameshuka jukwaani kabla sijaweka kipaza sauti chini. Safari hii miguu yangu ilinitii. Nilipiga magoti upande wa pili.

"Mwalimu, mshikilie kichwa. Usimbane. Acha mwili ufanye kazi yake."

Alivua skafu, akaikunja, akaiweka chini ya kichwa cha mtoto. Mzazi mmoja akaja mbio na kijiko. "Hapana, mama. Hakuna kitu cha kutia mdomoni." Alikuwa anaangalia saa yake. Mama Wakesho amesimama juu yetu, mikono kichwani. Dakika mbili. Zilikuwa ndefu kuliko mwaka mzima. Kisha mwili ukalegea, Saru akamgeuza kwa ubavu, akamfunika miguu kwa leso ya mama yake. Zubeda na wasichana wawili wakamchukua hadi chumba cha wagonjwa.

Watu walikuwa wameanza kuondoka. Saru akarudi jukwaani, gauni lina vumbi jekundu magotini. Akachukua kipaza sauti.

"Naomba mketi. Mtoto yuko salama, amelala. Ana kifafa. Mimi pia nina kifafa, tangu nikiwa na umri wake. Nameza dawa kila siku. Leo asubuhi nimemeza, kisha nikanywa chai, kisha nikaja hapa. Sasa tuendelee na majina."

Akanipa kipaza sauti. Nikaendelea. Sauti yangu ilitetemeka hadi jina la mwisho.

Baada ya chakula alinitafuta. Tulisimama nyuma ya bwalo, kwenye kivuli.

"Mwaka ule," akasema, "mimi na mama hatukukaa nyumbani. Tulikuja. Tulisimama nje ya ua, pale barabarani. Mama alidhani watabadilisha nia, wamtume mtu atuite. Tukakusikia kwenye spika."

Sikuwa nikilijua hilo. Miaka yote hii nilimfikiria yuko mbali.

Nikamwambia nilimkosea. Nikamwambia aliniamini nami nikaenda kusema, na kwamba sikuwa na sababu nzuri, nilikuwa mwoga tu. Nikamwomba anisamehe.

Aliniangalia. "Nimekusikia, mwalimu."

Wakamwita kwenye picha, akaenda.

Kabla ya kuondoka alimwandikia mama Wakesho barua ya kwenda nayo kliniki, dawa ziangaliwe upya. Gari lake likatoka langoni. Sikupunga mkono.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Nimetembea hadi reli ya zamani na kurudi. Hakuna aliyepiga simu.

Nilitamani angenifokea. Nimeligeuza lile neno kutwa nzima. Nimekusikia. Si msamaha. Wala si kukataa. Nilistahili hata chini ya hapo.

Nyumba iko kimya mno.

Jumatatu, 10 Machi

Barua mezani kwangu. Mwalimu Mkuu anataka nijieleze kwa maandishi, kwa nini nilikiuka orodha iliyopitishwa. Ana haki ya kuuliza. Nimejibu kwa mstari mmoja. Alama zilikuwa zake. Nimetia sahihi.

Nikiingia chumba cha walimu maongezi yanakatika. Sijui wananilaumu au wanaona haya. Sijauliza. Nimemwita Mercy, nikamwomba radhi. Akasema, "Ni sawa, madam," huku macho yakiwa chini. Si sawa. Itachukua muda.

Zubeda alikuja ofisini, akakaa kama dakika tano bila kusema kitu, akaenda zake. Nilishukuru.

Jumanne, 11 Machi

Wakesho amerudi jana jioni. Zubeda anasema asubuhi amemeza dawa mezani, uji mbele yake, wenzake wakiangalia. Msichana mmoja amesogeza dawati karibu na lake. Mmoja tu.

Mwalimu Mkuu hajasema neno kuhusu jibu langu. Tumepishana kwenye veranda, tukasalimiana.

Jua limepungua kidogo. Nimefungua dirisha, nikasahihisha madaftari ya Kidato cha Tatu. La Wakesho lilikuwa la saba. Swali la nne amekosea, amesahau kubadilisha alama ya kutoa. Nimelikata. Pembeni nimeandika, rudia.

Kisha nikachukua daftari la nane.