Watatu kwa Simu Moja

Jumatatu, 5 Mei 2025

Lodwar joto linachemsha ubongo, na Bwana Levis, mkuu wa idara, ndio ameitisha mkutano wa kuchagua programu ya kufundishia mtandaoni. Ati tulinganishe. Slaidi kibao, chai hakuna. Zoom ya bure inakata baada ya dakika arobaini — alivyolalamika ungedhani imemkata mkono. WhatsApp, akasema, ni ya kuitana harusini. Anayoitaka yeye ni ile nzito ya maofisini, kwa sababu inatoa ripoti ya mahudhurio yenyewe: nani aliingia, alikaa muda gani. Macho yalimng'aa. Huyu hajashika chaki tangu apewe kiti cha kuzunguka.

Tukapiga kura. Yake ikashinda. Kura yenyewe aliihesabu yeye.

Jumatano, 7 Mei

Somo la kwanza kwa programu ya Levis. Darasa langu liko Kakuma, wanasomea ualimu wa chekechea. Watatu wanatumia simu moja: Akech na Abang wa kambi ya wakimbizi, na Emanikor, Mturkana wa pale mjini. Walichanga wakainunua pamoja. Wanabanana mbele ya kioo, paji la huyu, shavu la yule. Na ndio pekee wanaojibu maswali! Wengine wamezima kamera, nadhani wanapika.

Ripoti ikaja. Akech, yupo. Abang, hayupo. Emanikor, hayupo.

Nikamwambia Levis nimewaona kwa macho yangu. Akasema mfumo haudanganyi, na anayekosa mara tatu anafutwa kwenye kozi. Mfumo! Kuna chekechea inawangoja wote watatu waanze kazi muhula ujao. Bila cheti, hakuna kazi.

Jumapili, 11 Mei

Nimempigia mama video, nyumbani Kimilili. WhatsApp, maana ndiyo anayoijua. Kama kawaida kabandika simu sikioni, nimeongea na herini. Analalamika mbona hanioni. Nikimwambia aishushe, ananionyesha dari. Lakini alicheka, na mimi nikacheka, na hakuna aliyetuandikia ripoti.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimejifanya mjanja. Niliwaambia wale watatu waingie kwa zamu. Akech aanze, atoke, Abang aingie kwa jina lake, kisha Emanikor. Majina yote matatu yatokee, Levis anyamaze. Walifanya vile vile nilivyosema.

Ripoti: wote watatu hawakumaliza somo. Kwa Levis, kutomaliza ni kukosa. Hata Akech aliyekuwa salama sasa ana doa, na Abang na Emanikor wamebakisha mara moja tu. Mjanja wa nani, mimi? Hata rimoti ya televisheni inanishinda. Nimeona aibu.

Jumatano, 14 Mei

Mtandao hakuna. Somo hakuna. Levis anauliza ripoti iko wapi.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika hapa hapa mezani, somo likiendelea. Levis amekuja kukaa nami ajionee. Anadhani ninaandika maagizo yake.

Wale watatu waliingia pamoja, wamependeza, Emanikor na shanga zake zote shingoni. Ejok, Madam, wakanisalimu kwa Kiturkana. Levis hakuitikia. Akauliza simu ni ya nani.

"Ni ya sisi, sir," Akech akasema.

Simu moja, mwanafunzi mmoja, Levis akawaambia. Wachague. Mmoja abaki, wengine watoke, na wajue hii ndiyo mara yao ya tatu. Nikasema Bwana Levis, tafadhali, wako hapo mbele yako, wahesabu. Akanionyesha orodha kwa kidole. Kwenye orodha, simu hiyo ina jina moja.

Walinong'onezana kidogo, sikushika neno. Akech akaegemeza simu kwenye kitu, mtungi nadhani. Kisha wakainuka. Abang, Emanikor, na Akech mwenyewe nyuma yao. Mlango ukalia.

Sasa tunatazama benchi na ukuta wa mabati.

Levis kainamia kompyuta, kasoma, katabasamu. "Akech yupo," anasema. "Endelea na somo, Madam."

Nikamwambia atazame picha. Anatazama orodha. Dakika za Akech zinaongezeka vizuri tu.

Ameniambia tena niendelee. Naendelea kuandika.