Mutie Hatoki Chumbani

Uthiru, 11 Machi 2006

Kwako Dada Kasyoka,

Sasa dada? Natumai kazi ya uuguzi huko Leeds inaenda poa na baridi haijakumaliza. Sisi tu wazima, ila goti langu bado liko kwenye plasta tangu ile mechi. Kompyuta uliyotuma imefika. Mama ameiweka karibu na kitanda changu, nisikae bure. Asante sana! Kocha Ephantus amesema nikipona nitarudishiwa namba yangu kwenye timu.

Ndugu yako mdogo,
Mutie

Leeds, 2 Aprili 2006

Mpendwa ndugu yangu,

U hali gani, na Mama je? Mimi nashukuru Mungu. Plasta ikitolewa, fanya mazoezi ya mguu hata kama yanauma. Gemu za kompyuta zitakungoja.

Dada yako,
Kasyoka

Uthiru, 25 Juni 2006

Dada,

Habari za siku nyingi? Mama anakusalimia, mboga zinauzika.

Plasta ilitoka kitambo. Nilienda uwanjani mara moja, nikampata Nthiwa wa timu yetu amevaa jezi yangu. Alinipasia mpira, ukanipita. Wakacheka, si kwa ubaya, lakini sijarudi tena. Siku hizi nacheza mpira kwa kompyuta. Huko goti haliumi. Mama akiuliza, "Unasoma?" najibu, "Ndio, Mama." Usingizi umekataa. Juzi nilifika kwa geti la shule, moyo ukaenda mbio, nikageuka. Usimwambie. Saa zingine naona mngekuwa na amani bila mimi.

Mutie

Leeds, 9 Julai 2006

Ndugu yangu,

Safari hii salamu zingoje. Simu yako imezimwa, kwa hiyo nimempigia Mama. Akacheka: "Mutie? Huyo hanisumbui, hata nje hatoki." Nimemwomba aingie chumbani aketi nawe. Sijui kama amenielewa.

Nakuuliza wazi, kama ninavyowauliza wagonjwa wangu: umewahi kufikiria kujiua? Hakuna jibu litakalonikasirisha. Ila usibaki nalo peke yako.

Dada yako anayekupenda,
Kasyoka

Uthiru, 3 Septemba 2006

Dada,

Hujambo? Nisamehe kwa kimya.

Tangu umpigie simu, Mama amekuwa akija kuketi kitandani, ananitazama nikicheza. Jumatano moja akauliza, "Huyu aliyefunga ni nani?" Nikasema, "Ni mimi." Halafu nikalia mpaka nikashindwa kuongea. Nikampa barua yako, nikamwonyesha lile swali kwa kidole. "Ndio, Mama," nikasema.

Kesho yake hakufungua kibanda. Alinipeleka hospitali ya mjini, kule tao, kwa daktari wa mambo ya akili. Narudi kwake kila wiki, na jioni natakiwa kutembea. Shule bado. Usingizi unakuja kidogo. Jana tulipofika barabara kuu ya Waiyaki Way niliogopa watu, nikataka kurudi. Mama hakunivuta. Alinishika tu mkono, vijana wa timu wakipita, na mimi sikuutoa.

Naandika haraka. Mama yuko mlangoni, amevaa raba zako za shule, zimembana, na anasema nikichelewa ataenda peke yake.

Ndugu yako,
Mutie