Mzee Ndengu Bado Yuko Hewani

Baba,

Simu yako imelia tena leo asubuhi nikiwa nasukuma chapati. Nimeiangalia tu. Ni mara ya nne tangu Jumanne, na nikishika hakuna anayesema kitu. Nasikia mtu akipumua, na kuku kwa mbali, halafu inakatwa. Naogopa, Baba. Nakwambia hilo kwanza kwa sababu hukupenda mtu azunguke, ingawa wewe mwenyewe ulikuwa bingwa wa kuzunguka.

Habari za nyumbani ni hizi. Mvua ilikuja siku chache baada ya kukuzika, ikanyesha vizuri, na ndengu ulizopanda zikakomaa. Mwaitu alizivuna mwenyewe. Si unamjua mke wako, hakubali kusaidiwa. Alizivuna akiwa amevaa koti lako. Shida ni bei. Unga umepanda, mafuta ya kupika nayapima kwa kijiko kama dawa ya mtoto, na wateja wangu katika chumba ninachopikia sokoni wameanza kuagiza chapati nusu. Nusu, Baba. Lakini tukifikisha ndengu zetu sokoni Kalamba tunaambiwa zimejaa kila mahali, hazina bei.

Redio bado tunaiwasha. Kipindi chako cha asubuhi, kile cha wasikilizaji kupiga simu, kiko vile vile, mtangazaji ni yule yule, na watu wanalalamika hadi betri inaisha. Yule mama wa Kambu anayeuza matunda kando ya barabara kuu alisema siku hizi madereva wa malori wanauliza bei tu, halafu wanakula machungwa yake kwa macho. Rafiki yako wa Tseikuru, mwenye mbuzi, bado anakutumia salamu kila wiki. Hajui. Huko hewani hakuna anayejua. Hatukuwa na nguvu ya kupiga na kusema, na kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi.

Nakumbuka ulivyokuwa ukijiandaa. Kikombe kimoja cha uji wa kulainisha koo, kofia, kisha unaenda kusimama kwa tangi la maji, mguu mmoja juu ya jiwe, kwa sababu mtandao unashika hapo tu. "Hapa ni Mzee Ndengu kutoka Kalamba." Basi unaanza. Unasalimia Tseikuru, unasalimia Kambu, unasalimia walimu, wagonjwa na walio safarini, mpaka mtangazaji anakukata. Mimi nilikuwa naona aibu. Dakika nzima ya kusikika na hujagusa mada hata kidogo. Siku moja nilikwambia wewe ni mtu wa salamu tu. Ulicheka kidogo ukaenda kulisha ng'ombe. Nisamehe kwa hilo.

Sasa sikiliza nilichofanya. Jumanne mada ilikuwa kwa nini mkulima anauza kwa bei ya chini na kununua kwa bei ya juu. Nilipiga kwa laini yangu, ikakataa kuingia. Nikachukua simu yako, ambayo naichaji kila siku bila kujua kwa nini. Iliingia mara moja. Mtangazaji akafurahi. "Mzee Ndengu, umepotea wapi? Tulidhani umetukasirikia."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Badala yake nikasema, "Mimi ni msichana wake. Amenituma."

Amenituma, Baba, kana kwamba uko nje unafunga ng'ombe. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshasema uwongo mmoja, nikakimbilia ukweli kabla sijalia. Nikaeleza habari ya gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka. Kwamba kuna stoo wanakonunua ndengu kwa gorogoro iliyogongwa kitako kwa nyundo mpaka kikatokeza nje, ili kila ikijazwa imeze konzi mbili zaidi. Wakati wa kutuuzia mahindi, stoo hiyo hiyo inatoa nyingine iliyogongwa kuingia ndani. Sikutaja jina la mtu, na nilijiona mjanja. Lakini nikaongeza kwamba ile ya kununulia huwekwa juu ya gunia lililokunjwa, isiyumbe.

Soko zima linajua nani anaweka gorogoro juu ya gunia lililokunjwa. Ndiye mwenye chumba ninachopikia.

Alikuja siku hiyo hiyo kabla ya saa sita. Ni yeye aliyesimamia kamati ya mazishi yako, na ndiye aliyeongoza maombi jeneza likishuka. Alikaa kwenye benchi la karibu na jiko, akaagiza chai, akainywa pole pole mpaka ikaisha. Kisha akasema, "Hiyo sauti ya redio ni kama naijua." Nikajibu kwamba redioni siku hizi kuna watu wengi. Akasimama, akapangusa suruali. "Baba yako alikuwa mtu wa salamu. Ndio maana tulikaa na yeye vizuri."

Hakuinua sauti, na zile simu za mtu anayepumua zilianza jioni hiyo hiyo. Tangu hapo mtu akisimama mlangoni nashtuka. Akinifukuza hapa nitapikia wapi? Mwaitu atakula nini, ndengu zenyewe ndizo hizo zisizo na bei?

Halafu jana mtangazaji akatangaza kwamba Ijumaa, yaani kesho, atakuwa na afisa wa kukagua mizani na vipimo. Akaomba msichana wa Mzee Ndengu apige tena, ataje ni soko gani na stoo gani. Nilizima redio. Nikamwambia Mwaitu naenda kuvunja hiyo laini niitupe chooni.

Mwaitu alikuwa anapepeta, hakuinua kichwa. Akaniuliza kama najua ulichokuwa ukimwambia kila ulipotoka kwa tangi. "Leo pia sijasema." Kila asubuhi, Baba. Ulikuwa unaamka na habari ya gorogoro mdomoni, na ukifika hewani unaogopa, basi unasalimia watu ili dakika iishe.

Sikujua. Miaka yote hiyo nilidhani unapenda salamu. Kisha nikakumbuka ni wewe uliyeenda kwa mwenye stoo kuniombea chumba hiki, nikakaa chini kwenye maganda ya ndengu nikalia.

Simu iko na chaji. Kesho nitasimama kwa tangi, maana siwezi kusema maneno hayo nikiwa ndani ya chumba chake. Usidhani nimepata ujasiri. Naogopa kufukuzwa, lakini kuna kitu naogopa zaidi. Mtangazaji ataniuliza habari zako, na itabidi nimwambie umekufa. Rafiki yako wa Tseikuru atasikia akiwa na mbuzi wake. Kuanzia hapo utakuwa umekufa hata redioni.

Pumzika, Baba. Nakuahidi nitaanza na gorogoro, nitaje soko na stoo, kisha nitaje jina langu. Dakika ikibaki, ndipo nitatoa salamu zako.

Msichana wako,
Mwende