Sanduku Langu la Bweni

Jumapili, Agosti 1956

Bado siamini kwamba jana nilimkatiza Baba. Mimi, ambaye hata darasani hujibu kwa kunong'ona!

Tulikuwa tukiunda sanduku langu la shule, naye alikuwa ameshika msumari wa inchi tatu juu ya mbao zangu nyembamba za mtarakwa. Zingepasuka, na bwenini naenda Jumanne.

"Baba, tutumie skrubu na gundi," nikasema, kama tulivyofundishwa useremala shuleni.

Niliogopa ataona namfundisha. Alicheka tu: "Gundi si ya karatasi?"

Tukachemsha gundi ya seremala, ile ya ngozi na kwato, kwenye mkebe. Mama akaita kutoka nje, "Nani anapika kwato jikoni mwangu?"

Leo, gundi ilipokauka, Baba alilikalia sanduku, mzima mzima, na buti zake za reli. Halikulia hata kidogo.

"Fundi," akaniita, "ukirudi likizo, nitengenezee langu."