Mama Pindo na Ahadi ya Alhamisi

Mwaka umetimia, Mama Pindo, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Jumapili, chai yako ikiwa bado inafuka moshi mezani. Cherehani yako iko pale pale karibu na mlango wa mbele. Hakuna mwingine humu ndani anayejua kuitumia, lakini kila anayetaka kuisogeza husimama kidogo, akaghairi, akapita kwa ubavu.

Mtaa ulikujua kwa mapindo yako. Suruali iliyoburuta, gauni lililozidi, sare ya mtoto iliyonunuliwa kubwa ili imalize madarasa mawili, vyote vilipita mikononi mwako. Wateja walikuja na nguo moja na mizigo kumi. Ulimpima mtu kiuno, ukamwuliza habari za nyumbani, akakujibu "nzuri," nawe ukanyamaza, pini zimekaa mdomoni, macho juu yake. Kwa watu wengine "nzuri" hufunga mazungumzo. Kwako wewe mlango ulikuwa ndiyo kwanza umegongwa. Mtu angehema, akasema, "Nzuri, ila..." Hiyo "ila" ndiyo iliyochelewesha nguo za watu miaka yote ile.

Watoto walipokwisha kujitegemea, ukatangaza mezani kwamba unakwenda chuo kusomea shahada ya huduma za ustawi wa jamii. Mumeo alidhani umemzidi kwa uongo, na yeye si mtu wa kuzidiwa. Ni fundi lifti mstaafu, na mtaa mzima unamwita Chumvi kwa jinsi anavyoitia katika kila habari. Ndiye aliyewahi kukwama kati ya ghorofa ya nane na ya tisa pamoja na hakimu na mwizi wa kuku, na kwa maelezo yake, mlango ulipofunguliwa wale wawili walikuwa tayari wakwe. Alikuuliza kama huko chuoni utakaa dawati moja na wajukuu wa watu. Ukamjibu kwamba wajukuu wa watu nao wanahitaji mtu wa kuwaambia shati liko nje.

Ukasoma. Saikolojia uliipenda, sheria za watoto ukazitafuna kama karanga. Takwimu ndiyo iliyokutoa jasho. Siku moja uliinua mkono ukamweleza mwalimu kwamba ukichukua wastani wa viuno vya wateja wako wote ukashona gauni moja, halitamtosha hata mmoja. Darasa likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka, kisha akakupa alama zako za chini kama kawaida.

Nyumbani ulihitaji mtu wa kufanyia mazoezi ya mahojiano, na mumeo akajitolea kabla hujamwomba. Leo alikuwa mgane mwenye pacha wanaoota ndoto moja, kesho nahodha aliyefukuzwa na mama wa kambo. Ulikaa mbele yake na uso wa ofisini, ukamsikiliza mpaka mwisho kama mlivyofundishwa: usimkatize, usimmalizie maneno, usimwahidi lisilo mikononi mwako. Kisha ukauliza kwa upole, "Na siku hizi, baba, nani anakupikia?" Nahodha akasahau bahari yake yote, akashika mbavu.

Mwaka wa mwisho ulipelekwa kwenye makao ya wazee kwa mafunzo ya vitendo. Ukakabidhiwa bibi mmoja aliyeshinda dirishani akitazama geti. Tangu aletwe hakuwa ametamka neno. Wahudumu walimwita Bi Kimya, wakakwambia ni kiziwi. Wewe ukaiona shingo yake ikigeuka toroli la chai lilipolia mwisho wa korido. Hukumbughudhi kwa maswali. Ulikwenda na sindano na uzi, ukaketi kando yake ukimpunguzia magauni, maana mwili ulikuwa umemwisha, na kila ulipoinuka ulisema, "Nitakuja Alhamisi."

Hapo ndipo ulipoteleza. Mafunzo yalipokwisha ulitakiwa kumuaga, tena kumwandaa mapema, ili asibaki akimngoja asiyekuja. Ulilijua somo hilo na ulilijibia mtihani ukafaulu. Wenzako waliwaaga watu wao vizuri. Wewe ulikunja gauni la mwisho, ukainuka, na ulimi ukaenda wenyewe kwa mazoea: "Nitakuja Alhamisi." Ulirudi nyumbani kama mtu aliyesahau pasi ya moto juu ya nguo ya mteja. Mwalimu wako msimamizi alikugombeza, akakushauri upige simu ili wahudumu wamwambie. Ukamjibu kwamba maneno yametoka kinywani mwako, si kinywani mwa simu. Ukaenda Alhamisi ile, na iliyofuata, bila kuhesabiwa alama na mtu yeyote.

Kisha moyo ukaanza kukuangusha. Ngazi za chuo zilikushinda, ukawa unapumzika katikati ukijifanya unatafuta kitu mkobani. Daktari akasema moyo umepanuka.

"Nilijua," mumeo akamwambia daktari. "Kaingiza watu wengi mno humo."

Ulicheka mpaka ukakohoa, na daktari akamtoa nje. Huko koridoni hakuwa na mzaha wowote. Alikaa akiutazama ukuta.

Amri ya daktari ilikuwa fupi: mapumziko, na kutoka nyumbani mara moja tu kwa wiki. Nawe ulikuwa umebakiza utafiti wako wa mwisho, wa kuandika chuoni mbele ya mwalimu na kuutetea mbele ya jopo. Bila huo hakuna shahada. Ilikuwa ama safari ya chuo ama safari ya makao ya wazee, kwani nguvu za zote mbili hukuwa nazo. Kuahirisha kuliruhusiwa. Ila hakuna kati yetu aliyethubutu kulitamka neno "mwakani" mbele yako, wala wewe mbele yetu.

Tulikukalisha sebuleni. Binti yako mkubwa, ambaye alikuwa ameshachagua kitambaa cha nguo ya siku ya mahafali, ndiye aliyeanza.

"Mama, yule bibi hata hajui Alhamisi ni siku gani."

"Anajua. Ndiyo siku anayoomba viatu."

"Anaombaje na hasemi?"

"Anamnyooshea mhudumu miguu. Wewe nawe utotoni ulikuwa hivyo hivyo, na sikukwambia hujui siku."

Mumeo akajitosa. Alisema atakwenda yeye, amweleze Bi Kimya kwamba umepata kazi ng'ambo, mabalozi wawili wamekugombania mpaka wakavunjiana miwani.

"Ukimdanganya yule," ukamwambia, "chakula chako ukakitafute huko huko." Kisha ukamshika kiganja. "Chumvi, shahada haikai dirishani kuningoja."

Mume wako akawaacha mabalozi wake hapo hapo. Tulikuwepo, tuliona.

Basi shahada hukuipata. Tunaliandika hapa waziwazi kwa sababu kuna mtu mtaani anayeeneza kwamba uliipata kwa alama za juu na mkuu wa chuo akabubujikwa na machozi, na mtu huyo anaishi nyumba hii. Hukuipata, mama. Uliifikia mlangoni, ukaipita, ukaenda ulikosema utakwenda. Binti yako alikununia wiki mbili, kisha akaanza kukufungia uzi na vifungo kwenye mfuko kila Jumatano.

Mumeo alikupeleka kwa teksi, akakungoja kwenye benchi nje akimjaza mlinzi hadithi za lifti. Ulitoka ukiwa umechoka zaidi kila wiki, na uso wako umetulia zaidi kila wiki. Hatujui vilikaaje pamoja vitu hivyo viwili.

Ulituacha Jumapili, tukakuzika Jumatano. Alhamisi nyumba ilikuwa bado imejaa watu. Mumeo alivaa haraka, akatokea mlango wa nyuma, asimuage mtu. Njiani alitunga visa vitatu, kila kimoja kizuri kuliko mwenzake, cha tatu kikiwa na treni. Bi Kimya alikuwa dirishani. Alimtazama, kisha akatazama nyuma ya bega lake, akangoja. Mumeo akaketi kwenye kiti chako. Kati ya visa vile vitatu hakutoa hata kimoja.

"Amefariki," akasema. "Tulimzika jana."

Bibi akainua mikono yake, akaanza kuvifungua vifungo vya shati la mumeo kimoja baada ya kingine. Mumeo alikuwa amevaa shati vifungo vimepishana, na katika nyumba iliyojaa watu wa kumpa pole, hakuna aliyeona. Bibi akavifunga upya toka chini hadi shingoni, kila kimoja kwenye tundu lake, akamnyoosha kola. Mumeo hakuwa amelia hospitalini wala makaburini. Alilia pale, mhudumu na toroli lake wakasubiri mlangoni.

Alipoinuka alisema atakuja Alhamisi. Hajakosa hata moja. Humweleza Bi Kimya habari za lifti, naye hajatamka neno mpaka leo. Hatujui kama sasa anamngoja yeye au bado anakungoja wewe. Mumeo naye hajui. Hadithi zikimwishia husogeza kiti karibu na dirisha, wakakaa wote wawili wakilitazama geti.

Wanaokukumbuka ni mumeo Chumvi, binti yako mkubwa na mdogo wake wa kiume, mkweo, wajukuu wako, ambao mashati yao yako nje, dada yako uliyemfundisha kutia uzi, wenzako wa darasani na wateja wako wote wa mtaani.

Hatutaacha kukukumbuka, Mama Pindo, siku zote tutakazojaliwa.